Kazi ya Msiba Mbele ya Wakaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, nimevinunua kwa ajili ya usaili, na kila nilipokanyaga sakafu ya shule vililia kama mlango usiotiwa mafuta. Mama Hansa, mkuu wa kitengo chetu, alitembea nami hadi mwisho wa korido akivisikiliza. Hapo akageuka akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Mwalimu, hizo viatu zinapiga kelele kuliko kengele. Mtoto atakusikia kabla hujamwona, na akikusikia ataanza kuigiza. Rudi nyumbani. Kesho ukuje na raba."

Nilirudi nimenuna. Nilikuwa nimefundisha jiografia Moshi miaka mingi kabla ya kumfuata mke wangu London, yeye akiwa nesi, na sikuzoea kuambiwa habari za viatu na mtu yeyote, seuze siku ya kwanza. Kesho yake nilivaa raba, na tangu hapo sikuvaa kingine shuleni. Nimestaafu majuzi, nikaagwa kwa keki na kadi iliyotiwa saini na watu ambao nusu yao siwajui. Zile raba za mwisho bado ziko mlangoni kwetu, na mke wangu amekataa kuzitupa.

Vijana wa kwetu mlioingia kazi hii mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Naandika kwa Kiswahili, maana ripoti za Kiingereza nimeandika za kujaza kabati, na sidhani kama kuna aliyezisoma hadi mwisho. Wanangu wa kuwazaa watalalamika. Kiswahili wanakielewa vizuri, hasa nikitaja chakula, lakini hujibu kwa Kiingereza, na haya wataomba wafupishiwe. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo nilipanda kidogo, na mshahara mnaujua.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Serikali ya hapa hutuma wakaguzi mashuleni. Hupiga simu leo, kesho yake asubuhi wako getini, na wakiondoka huacha hukumu ambayo wazazi huisoma kabla hata ya kuamua wahamie mtaa gani. Sisi tulikuwa tunatangulia. Tunaingia shuleni miezi kadhaa kabla, tunatazama, tunamwambia mwalimu mkuu ukweli wakati bado ana nafasi ya kurekebisha. Nilipoanza, swali kubwa lilikuwa masomo. Baadaye likapata uzito swali jingine: mtoto akitoka hapa, yuko tayari kuingia kazini? Hilo ndilo lililoniumiza kichwa hadi nikastaafu.

Mama Hansa alizaliwa Kisumu, akaja Harrow, pembezoni mwa London, akiwa msichana wa shule, na familia yake ikafungua duka la vitambaa Kenton, mtaa wa jirani. Aliponisikia nikitaja Moshi kwenye usaili alifurahi waziwazi. Baadaye nilijua sababu: hatimaye alikuwa amepata mtu wa kusema naye mbele za watu bila watu kujua. Tulikuwa tunakaa kwenye kikao, mwalimu mkuu anaeleza jinsi mambo yanavyokwenda vizuri, naye anainama kana kwamba kaangusha kitu, ananinong'oneza, "Huyu anadanganya, lakini kwa heshima." Mimi nabaki nimeuma midomo.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Raba. Chupa ya chai yake mwenyewe. Kalamu ya risasi, maana alisema mwalimu akiona mgeni anaandika kwa wino huanza kutokwa jasho. Alikuwa akifika shule mpya anakwenda chooni kwanza, choo cha wanafunzi, siyo cha wageni, kisha anazungumza na akina mama wa jikoni, na ofisi ya mwalimu mkuu anaiweka mwisho. Rangi mbichi ukutani ilimkasirisha. Ukisikia harufu ya rangi, aliniambia, uliza ni nini hawakutaka ukione. Nimeingia shule nyingi zilizonukia rangi, na kila mara nilimkumbuka.

Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa kumfuata mtoto mmoja. Ukifika shuleni, mwalimu mkuu atakupa watoto wa kuzungumza nao, na watakuwa wale wanaojua kushika mkono na kutabasamu. Wapokee, washukuru. Kisha simama getini asubuhi, umtazame anayeingia karibu mwisho bila kukimbia, yule ambaye hakuna anayemwita kwa jina. Omba ruhusa, umfuate huyo siku nzima. Kaa naye darasani, panga naye foleni ya chakula, pita naye korido zote anazopita. Mtoto huyo atakuonyesha shule ilivyo.

Kwa njia hiyo niliona mengi. Kulikuwa na shule moja, siitaji, ambayo watoto wote niliowauliza wamejifunza nini kuhusu kazi walinijibu kwamba wamejifunza ustahimilivu. Wa kwanza nikampongeza. Wa nne nikamuuliza ustahimilivu ni nini. Akafikiri sana, mtoto wa watu, akasema, "Ni lile neno la Jumatano, sir." Kumbe kila siku walikuwa wanakaririshwa neno moja ili wakaguzi wakija walikute. Mama Hansa alipolisikia hilo alicheka hadi akafuta machozi, halafu akakasirika kweli. Alisema mtoto ukimpa jibu la kukariri umemwambia kwamba lake halifai. Hilo nimelibeba miaka yote.

Alipostaafu aliniachia chupa yake ya chai na namba ya simu ya nyumbani Kenton, akisema nisimpigie. Nilimpigia karibu kila wiki.

Sasa niwape kisa ambacho ningependa kikumbukwe kuliko vingine. Kilitokea karibu na kwangu. Mimi nakaa Lewisham, ofisi ikiwa Harrow, na kwa miaka mingi nilivuka mji mzima asubuhi kwenda kusaidia watoto wa watu wengine. Kisha shule za kusini ya mto nazo zikaanza kutuita, na siku moja nikatumwa shule ambayo naiona nikienda sokoni.

Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Pritchard, mtu wa Wales, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Hakunipaka mafuta. Wakaguzi walikuwa wamekuja mara moja na kusema wanafunzi wake wa madarasa ya juu, yale ambayo sisi tungeyaita kidato cha tano na cha sita, hawako tayari kwa kazi wala hawajui waende wapi. Wangerudi. Wakisema hivyo tena, madarasa hayo yangefungwa na watoto kugawanywa shule nyingine, wengine mwendo wa mabasi mawili kutoka nyumbani. Wengi wao walikuwa wa kwetu na wa majirani zetu: Wakongo, Waghana, Wasomali, watoto wa manesi na walezi wa wazee.

"Ni watoto wazuri," Pritchard aliniambia, "lakini ukiwauliza wamefanya nini maishani, wananyamaza. Nimewaalika waajiri wa hapa mtaani waje kuwafanyia usaili wa majaribio. Kila mtoto anasema hajafanya chochote. Nifanye nini, Mwalimu Shayo? Siwezi kuwatungia maisha."

Kesho yake nilisimama getini na raba zangu. Kengele ilikuwa imeshalia. Msichana mmoja akaja taratibu, begi begani, koti limefungwa hadi shingoni. Kabla sijafungua kinywa akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, anko."

Alikuwa Rehema, binti wa Mama Rehema wa kanisani kwetu. Mama yake ni mtu wa Mbeya, analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akiimba kwaya humsikii mwingine. Nilimwambia nilichokuja kufanya. Akacheka kidogo, akasema sawa, ila siku yake ingenichosha.

Alasiri ilikuwa zamu yake ya usaili. Nilikaa nyuma ya chumba. Waajiri watatu, watu wapole, wamekaa upande wa pili wa meza. Rehema aliingia akasubiri aambiwe kaa. Hawakumwambia, kwa kuwa hapa mtu hukaa tu, kwa hiyo alisimama muda hadi ikawa aibu kwa wote. Alipoulizwa maswali aliitazama mikono yake, kama alivyofundishwa afanye mbele ya wakubwa. Kisha mmoja wao akamwomba aeleze wakati wowote aliopata kuongoza wenzake katika jambo gumu. Rehema akafikiri, akatikisa kichwa.

"I haven't, really," akasema. Sijawahi, kwa kweli.

Chai ilinipalia. Ilibidi nitoke nje kukohoa.

Niwaeleze kwa nini. Wiki chache tu kabla ya siku hiyo, jirani yetu Festo Ng'hambi alifariki ghafla. Alikuwa mtu wa Dodoma, msafisha ofisi huko mjini, mpole, mwenye kupenda kunyoosha ua wa watu bila kuombwa. Mnajua habari ya msiba inavyokwenda hapa. Simu zinapigwa, na kabla hujajua la kufanya watu wameshatoka Reading na Leicester, wamejaa ukumbini. Mwili ulitakiwa kupelekwa nyumbani, na hadi hilo likamilike watu walikuwa wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa letu kila jioni. Mjane wake, Mama Joshua, hakuwa na ndugu hapa. Mwanawe mmoja yuko Dodoma.

Siku ya ibada kubwa mama waliopangiwa jiko walikwama. Mmoja hakupewa ruhusa kazini, mwingine treni zilikatika. Jiko la ukumbi lina sehemu nne za moto na mbili haziwaki. Nilipofika nilimkuta Rehema amejifunga khanga juu ya jinzi, anaongea na watu wa kila umri bila kupandisha sauti. Wali ulikuwa unapikwa hapo, maharage yamepelekwa kupikwa nyumba tatu za jirani, na vijana wa magari wameambiwa zamu za kuyafuata. Alikuwa ameichukua simu ya Mama Joshua, anaipokea yeye, anawaambia wa Dodoma yale waliyohitaji kujua na kumpitishia mjane simu ya yule tu aliyekuwa lazima aongee naye. Mzee wa kanisa aliyeziba njia kwa gari lake aliombwa alisogeze kwa adabu kiasi kwamba alishukuru. Mimi nilikwenda kusimama foleni ya chakula. Akanishika mkono, "Anko, kaa. Sahani itakufuata." Nikakaa, na sahani ikanifuata.

Watu walikuwa wengi mno siku ile, na hakuna aliyetoka na njaa. Na huyu ndiye mtoto aliyesema hajawahi kuongoza.

Baada ya shule nilimfuata hadi kituo cha basi nikamuuliza. Kwa nini hukuwaambia habari ya msiba wa Mzee Festo? Alinitazama kama nimetukana.

"No, anko. I can't. Ule ni msiba."

"Ni kazi uliyoifanya, Rehema."

"Siyo kazi, ni msiba. Nikikaa pale niseme nilifanya hiki, nilifanya kile, ili wanipe maksi, it's like... namtumia marehemu. Mama angeniua. Na msiba wenyewe wa Mama Joshua, sio wangu."

Alikuwa sahihi kwa malezi niliyolelewa hata mimi. Kwetu mtu akishika mwiko msibani hatajwi, na akijitaja mwenyewe watu hutazamana. Hakuna anayesimulia barabarani kwamba bila mimi msiba wa fulani ungeharibika. Nilipanda basi nikiwa nimejaa huzuni. Mtoto amelelewa vizuri, na malezi yale yale mazuri ndiyo yanamwandikia kwamba hafai.

Siku zilizofuata niliwafuata wengine, na kila mmoja alikuwa na lake. Binti wa Kikongo alikuwa anamkalimania mama yake kwa daktari tangu akiwa mdogo. Hakusema, kwa sababu ugonjwa ni siri ya mama. Kijana wa Kisomali ndiye aliyekuwa anafungua duka la mjomba wake asubuhi kabla ya shule. Hakusema, kwa sababu duka ni la mjomba. Wote waliiambia meza ile kwamba hawajafanya chochote.

Pritchard alipolisikia hilo uso ulimng'aa. Akasema basi, tuwaandikie kadi. Kila mtoto apewe kadi yake yenye hadithi yake, aikariri. Alikuwa ameshawasha ile mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki. Nilimwomba aizime. Alinikasirikia, na simlaumu, kwa kuwa ni shule yake iliyokuwa inakaribia kukatwa kichwa. Nilimwambia habari ya neno la Jumatano. Akaizima.

Jioni nikampigia Mama Hansa. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye maneno ya Rehema pale kituoni alinikatiza.

"Mwalimu, si mtoto ameshakujibu? Amekwambia msiba iko na mwenyewe. Sasa wewe unazunguka kwa mtoto ya nini? Enda kwa mwenyewe."

Niliona haya kwamba sikuliona mwenyewe. Jumamosi tukaenda, mimi, Rehema na mama yake, aliyebeba sukari na maandazi, maana kwa mfiwa huendi mikono mitupu. Mama Rehema alikuwa na wasiwasi na hakuuficha. Njiani alisema, "Mwalimu, nimekuja kwa heshima yako. Lakini akikataa, hilo neno lisirudiwe tena."

Mama Joshua alitupokea sebuleni. Picha ya Festo ilikuwa juu ya kabati, amevaa suti ambayo sikuwahi kumwona nayo. Tulisalimiana, tukaulizana hali, tukanyamaza kama inavyopasa. Kisha nikaanza kueleza, na nikaeleza vibaya. Nilisema wakaguzi wa serikali wanakuja, na huenda wakasikia habari za msiba. Mama Joshua akageuka kuitazama picha ya mumewe.

"Wanataka karatasi zake?" akauliza. "Mwalimu, karatasi zake za kuishi hapa zote zilikuwa sawa. Ninazo. Nikuletee?"

Aliinuka kabisa kuzifuata. Mama Rehema akamshika, akamkalisha, naye Rehema akapiga magoti mbele yake akaeleza upya kwa maneno yake, Kiswahili na Kiingereza vikipishana. Kwamba ni wakaguzi wa shule tu. Kwamba wanauliza watoto wamefanya nini. Kwamba yeye hataki kusema jambo la msiba wa mtu bila mwenyewe kujua. "Ukisema hapana, mama, ni hapana. Sitajisikia vibaya, I promise."

Mama Joshua alimwinua Rehema akamketisha karibu naye. Alifuta uso kwa upande wa khanga. Kisha akafungua droo ya kabati akatoa kitambulisho cha kazini cha Festo, kile cha kuvaa shingoni. Alitupa tukitazame. Chini ya picha palikuwa pameandikwa Fes.

"Miaka yote ile," alisema, "hakuna hata mmoja pale kazini aliyejaribu kulitamka jina lake. Walimwambia ni gumu. Wakamkata wakabakiza hilo. Yeye alikuwa anacheka, anasema wanangu wazungu wana ndimi fupi. Lakini mimi nilikuwa nafua nguo zake, naliona hilo jina, linaniuma." Akamgeukia Rehema. "Waambie, mwanangu. Siku ile ulinishika mkono mimi, ukawalisha watu wake, mbona usiseme? Ila usiseme jirani mmoja. Usiseme mzee fulani. Umtaje jina lake lote. Festo Ng'hambi."

Rehema aliinamisha kichwa. Mama yake alikuwa analia bila kujificha, na mimi nilijishughulisha na andazi.

Jumatatu nilimweleza Pritchard, na hapo ndipo shule ilipoanza kubadilika kweli. Alikusanya walimu, akawaambia kila mmoja akae na watoto wake na awaulize jambo moja: nyumbani kwako, ni kitu gani watu wanakutegemea? Na mtoto asijibu siku hiyo. Aende kwanza akamwombe ruhusa mwenye jambo. Wengine walirudi na ruhusa, wengine walirudi wakasema mama amekataa, na hilo nalo liliheshimiwa. Yule binti wa Kikongo alikuja na mama yake mwenyewe, aliyetaka kuwaona walimu kwa macho yake kabla ya kukubali. Walimu walijua wamekaa na nani darasani. Mmoja, mwalimu wa hesabu, aliniambia anajiona amekuwa akifundisha watu wazima bila kujua. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kumtafutia kila mtoto mahali pa kujifunzia kazi, maana walijua anaweza nini.

Simu ya wakaguzi ilikuja siku ya mvua. Mtu wa kazi yetu haruhusiwi kuingia chumbani wanapozungumza na wanafunzi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilikaa mapokezi na chupa ya Mama Hansa, nikinywa chai nisiyoihitaji. Kiongozi wa wakaguzi alikuwa mama wa Kizungu wa makamo mwenye nywele za mvi, na nilipoona amevaa raba nilipata matumaini ya ajabu. Alichukua daftari la mahudhurio akachagua majina mwenyewe, hakutaka la kupewa. Jina la Rehema lilikuwamo.

Waliingia. Pritchard alipita mapokezi mara nyingi kuliko alivyokuwa na sababu. Mimi nilikuwa namwaza Rehema, mikono yake juu ya meza, na nilijua ya kwamba akinyamaza sitamlaumu kamwe. Nilikuwa nawaza pia mabasi mawili.

Mlango ulipofunguliwa Rehema alitoka akapita mbele yangu bila kusimama, ila alinigusa bega. Baadaye kidogo mkaguzi mwenyewe akatoka, akatazama huku na huku, akaja nilipokaa. Aliniuliza kama ni kweli natoka upande mmoja na msichana yule. Nikasema ndiyo. Akanionyesha alichoandika, kwa kalamu ya risasi.

"Nataka kumtaja huyu bwana ninapozungumza na walimu jioni," alisema. "Sitaki kumkosea. Nisaidie kulitamka jina lake."

Nikalitamka. Akajaribu, akalivunja vibaya sana, akaomba nirudie. Nikarudia. Akafumba macho, akajaribu tena, na likatoka. Akaniuliza alikuwa nani. Nilitaka kusema mengi lakini nilimwambia tu kwamba alikuwa anasafisha ofisi, na alikuwa jirani yangu.

Jioni alilitaja mbele ya walimu wote. Alisema amekagua shule nyingi, na leo amekutana na watoto wanaojua kazi ni nini na wanaojua ni ya nani. Madarasa ya juu hayakufungwa. Ripoti ilipotoka iliandikwa kwa lugha ile ile kavu ya ripoti zote, na hakuna jina la mtu ndani yake, kwa kuwa hawaandiki majina. Rehema siku hizi yuko hospitali hapa Lewisham, anapanga zamu za wabeba wagonjwa, na nasikia hakuna anayethubutu kuchelewa.

Jumamosi baada ya ukaguzi ule nilikwenda kwa Mama Joshua peke yangu. Nilimkuta anapiga pasi. Aliniuliza kama Rehema alilisema jina lote, nikamwambia alilisema lote. Akauliza na yule mkaguzi je, mzungu mwenyewe.

"Alilisema," nikamwambia. "Mbele ya walimu wote, na mwalimu mkuu akiwepo."

"Alilisemaje?"

Nikamwigizia ile mara ya kwanza, jinsi alivyolivunja. Mama Joshua alicheka hadi akaiweka pasi pembeni, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumsindikize Festo uwanja wa ndege.

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili alilipatia. Festo Ng'hambi, sawasawa kama unavyolisema wewe."

Alikitazama kile kitambulisho, ambacho sasa kilikuwa kimening'inizwa kwenye kona ya picha juu ya kabati. Kisha akaishika tena pasi yake.

"Kumbe wanaweza," alisema.